Solo: spidi au utamu?

SWALI: Shikamoo kaka, najifunza gitaa la solo na namzimia sana Diblo Dibala, yule mpiga solo wa Kongo, vidole vyake vinakimbia balaa, ila mwalimu wangu anataka niachane na spidi nimsikilize Franco, mkongwe wa gitaa wa Kongo. Kwani spidi ni mbaya?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Spidi si mbaya hata kidogo, Diblo hakuitwa Machine Gun bure, lakini msikilize vizuri alivyopiga na mwimbaji Kanda Bongo Man, kila kifungu unaweza kukiimba kwa mdomo, hapo ndo utamu ulipo. Franco yeye alikuwa anadonoa nyuzi mbili kwa pamoja kwa kidole gumba na cha shahada, kwenye sebene (ile sehemu ya wimbo ya kucheza, magitaa yanapotawala) anarudia kifungu kilekile, anakigeuza kidogo tu na watu wanazidi kupagawa, wala hana haraka. Ila mi namkubali Dr Nico, mpiga solo mwingine wa Kongo, kuliko wote aisee, noti zinadondoka safi moja moja hata akikimbia. Sasa we chukua kifungu kimoja cha sebene, kiimbe kwanza, halafu kipige taratibu pamoja na gitaa la rizimu mpaka kikae, ndo uongeze spidi, na noti zikianza kumezana punguza.