Natafuta wenzangu walioacha pombe

*Shikamoo mama. Nina miaka 38, napasua mbao hapa Mafinga. Nilianza na ulanzi kama vijana wote wa huku, nikaingia kwenye viroba, na vilipopigwa marufuku Machi 2017 nikahamia pombe kali za chupa ndogo. Siku hizi nisipopata kidogo asubuhi mikono inatetemeka, hata msumeno siwezi kuushika. Mke wangu amerudi kwao Njombe na watoto wetu wawili. Nimesikia kuna watu walioacha pombe ambao hukutana na kuzungumza. Huku kwetu nitawapata wapi? Halafu mji wetu mdogo, naogopa kujulikana.*

*Mpasua mbao, Mafinga*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye mikono. Basi tuanzie hapo.

Usiache ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea pombe kila siku, ukiikosa, huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa chache. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kufikia siku ya tatu wengine huchanganyikiwa, wakaona vitu visivyokuwepo. Watu wanakufa kwa hili. Mdogo wangu aliapa mbele ya wazee kwamba hagusi tena pombe, tukampigia vigelegele. Kesho yake jioni, tukiwa jikoni Makambako, alianguka karibu na mafiga. Nilivua khanga nikaisukuma chini ya kichwa chake, nikamlaza ubavu, nikahesabu dakika mpaka alipotulia. Mimi ni muuguzi, na nilikuwa nimempongeza badala ya kumpeleka hospitali. Sijajisamehe sawasawa mpaka leo.

Kwa hiyo nenda hospitali kwanza, na uende na mtu. Omba kuonana na wa afya ya akili, au daktari yeyote aliyepo, umwambie kiasi unachokunywa bila kupunguza hata chupa moja. Zipo dawa za kuutuliza mwili siku hizo za mwanzo, na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi huwa wamepungukiwa. Hii si kazi ya kuvumilia kiume.

Sasa kikundi. Unachokisikia ni Alcoholics Anonymous, wengi huita AA. Mwaka 1935 mfanyabiashara mmoja wa New York, Bill, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alikwama katika mji wa Akron, Marekani. Biashara iliyompeleka ilikuwa imeharibika, na baa ya hoteli ilikuwa pale pale inamwita. Badala ya kuingia, alikwenda kwenye simu, akawapigia viongozi wa makanisa akiomba wamkutanishe na mlevi mwenzake wazungumze. Akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob, naye mlevi. Walizungumza kwa saa nyingi. Juni mwaka huo Bob alikunywa kwa mara ya mwisho, na AA huhesabu umri wake tangu siku hiyo.

Nakusimulia haya kwa sababu utaratibu wao mpaka leo unasema walevi wawili au watatu wakikutana ili wasinywe, hicho ni kikundi, mradi kisifungamane na taasisi nyingine. Hakuna ada. Sharti ni moja: uwe unataka kuacha. Basi usingoje kuona kibao barabarani. Muulize huyo wa afya ya akili, muulize padri, mchungaji au shehe: "Nani hapa aliwahi kunywa kama mimi na sasa hanywi?" Hapo Mafinga yupo. Kaeni wawili, siku ileile na saa ileile kila wiki, mbali na kilabu. Msimu wa mvua ulanzi ukigemwa na mkangafu, yaani ulanzi uliochacha ukawa mkali, ukijaa kila kona, kutaneni hata kila siku.

Kama una simu ya intaneti, AA wana mikutano mtandaoni pia. Mingi ni ya Kiingereza, lakini unaweza kuzima kamera ukasikiliza tu.

Kuhusu kujulikana: ndani ya mkutano hutajwa jina la kwanza tu, na yanayosemwa hayatoki nje. Nilimsindikiza mdogo wangu kwenye mkutano wa wazi Dar es Salaam, ule ambao ndugu huruhusiwa kukaa. Mzee mmoja alizungumza huku akikunja na kukunjua tiketi yake ya basi mpaka ikachanika. Alisema aliuza bati za nyumba ya mama yake, moja moja. Hakuna aliyemkatiza, hakuna aliyemshauri. Alipomaliza, wakamshukuru, akafuata mwingine. Mdogo wangu, ambaye kwetu nyumbani alikuwa hasemi kitu, akainua mkono.

Nami nakuomba ufikirie hili, mwanangu: watu wa Mafinga wamekwisha kukuona ukitoka kilabuni asubuhi. Wakikuona unaingia hospitali, huna cha kupoteza.

Mkeo usimpigie leo kumwahidi chochote. Mwache kwanza. Nenda hospitali, kisha niandikie wamekuambia nini, na kama umempata huyo mwenzako wa kwanza.