Kwa Daktari Bingwa Anayeanza Kazi: Uchovu Usioondoka kwa Usingizi

Wadogo zangu mnaomaliza miaka mitatu ya shahada ya uzamili pale vyuo vikuu vya Makerere au Mbarara, hapa Uganda, na kupangiwa hospitali za rufaa za mikoa, kuna jambo ambalo nilichelewa karibu mwaka mzima kulitambua. Nilidhani kinachommaliza daktari bingwa ni wingi wa wagonjwa. Sivyo. Siku niliyowapasua akina mama sita, wote wakapakata watoto wao, nilirudi nyumbani hoi lakini nimeridhika, na asubuhi nikaamka mzima. Kilichonichakaza ni kujua la kufanya na kukosa cha kufanyia: mama anavuja damu baada ya kujifungua, jokofu limebaki na mifuko ya damu ya kundi lisilomfaa, na mtaalamu wa dawa za usingizi ni mmoja tu, naye yuko na mgonjwa mwingine.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, linasema kwamba uchovu huu wa kazini, uitwao kwa Kiingereza "burnout", si ugonjwa bali ni zao la msongo wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa, na linataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuitenga kazi na moyo wako, na kuona kwamba kazi yako haifai kitu. Ya kwanza tunaijua sote. Ya pili ndiyo huingia kimyakimya. Asubuhi moja nilikuwa nikipita wodini kitanda kwa kitanda, mkunga wa siku nyingi akanishika mkono wa koti na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, huyu wa kitanda cha tisa anaitwa nani?" Nilikuwa nimempasua usiku uleule. Sikulijua jina lake, na kibaya zaidi, aibu haikunijia hadi jioni.

Kuhusu fedha nitasema machache. Mishahara ya madaktari wa serikali ilipandishwa mwaka 2022, na wengi wetu bado tunakimbilia kliniki binafsi kila alasiri kwa sababu ada za shule hazingoji. Siwakatazi. Mimi nilikuwa na kliniki mbili, nikaacha ile iliyokuwa inakula Jumapili zangu, na nyumbani tukabana matumizi.

Lililonisaidia zaidi ni kikao cha kutathmini vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi. Utaratibu wetu Uganda unataka kifo kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na kujadiliwa ndani ya siku saba, lakini wengi hukiogopa kikao hicho kana kwamba ni mahakama, wakaketi wakijitetea. Nendeni mkiwa mmeandika kilichokosekana, saa kilipokosekana na nani alipigiwa simu. Sisi tuliandika "damu" mara nyingi mfululizo, mpaka ikakubalika kwamba jokofu likaguliwe kila asubuhi na benki ya damu ipigiwe simu kabla ya orodha ya upasuaji kuanza. Upungufu haukuisha, ila haukuwa tena mzigo wangu peke yangu.

Tena, kila mama niliyempasua namwomba arudi kwangu wiki ya sita, hata kama mwenzangu angeweza kumwona. Yule wa kitanda cha tisa alirudi na mtoto mgongoni, na nilimwita kwa jina lake kabla hajaketi.