Nilivyopaka mbegu za maharage ukungu, baada ya kukosea mara mbili

Mche wa maharage ukinyauka wakati mvua bado inanyesha, usikimbilie kulaumu udongo. Ung'oe. Shika shina pale linapokutana na ardhi, lipasue kwa ukucha. Shina lenye afya lina maji na ndani ni jeupe linaloelekea kijani. La mgonjwa limevimba, limechanika, ndani lina rangi ya kutu, na chini ya ganda utakuta vitu vidogo mfano wa chenga za mchele, ila vya kahawia au vyeusi tii. Hao ni funza wa maharage. Wameshajifungia kwenye gamba, wanasubiri kutoka wakiwa inzi.

Msimu wangu wa kwanza wa maharage, huku bondeni wilayani Hai, Kilimanjaro, hilo sikulijua. Nilisubiri trekta kama kila mtu, nikapanda wiki mbili baada ya wenzangu wa jembe la mkono. Wiki ya tatu shamba likaanza kuwa njano, madoa madoa. Nikaweka mbolea. Likazidi. Bwana shamba alipofika hakuniuliza nimeweka nini, aliniuliza swali moja tu: "Dada, umeng'oa hata mmoja ukautazama?"

Sikuwa nimeng'oa.

Inzi mwenyewe ni mdogo, mweusi, anang'aa, urefu wake kama milimita mbili. Asubuhi utamwona ametulia juu ya jani na hutamtilia maanani. Hutaga kwenye majani ya mwanzo kabisa, mche ukiwa ndiyo kwanza unafumbua macho. Funza akianguliwa hatoki nje, hupita ndani kwa ndani: jani, kikonyo, shina, mpaka chini karibu na mizizi. Kwa hiyo ukibeba bomba wiki ya tatu unapuliza majani ambayo yeye alishayahama zamani. Na ukichelewa kupanda, inzi waliokwisha kuzaliana kwa wenzako ndio wanakupokea wewe. Mimi nilipokelewa vizuri sana.

Kinga ya maana, basi, inaanzia kwenye mbegu. Dawa za kemikali za kupaka mbegu zipo na zinafanya kazi, simdanganyi mtu. Mimi nilitafuta njia nyingine kwa sababu mbili za nyumbani: nina mizinga minne ya nyuki pembeni ya shamba, na kwetu majani machanga ya maharage ni mboga. Dawa inayopanda na mche hadi jani la juu sitaki niikute kwenye sufuria.

Ndipo nikasikia habari za ukungu unaoua wadudu. Maarufu zaidi ni wawili, metarizamu na bovaria. Hawa si sumu, ni viumbe hai. Kimbegu chake, ambacho hukioni kwa macho, kikimgusa mdudu kinaota juu ya ngozi yake kama mbegu inavyoota ardhini, kinatoboa, kinaingia na kujilisha ndani. Mdudu hafi papo hapo, huchukua siku kadhaa. Akishakufa, hali ya hewa ikiwa na unyevu, ukungu hutoka nje ukamfunika: metarizamu hugeuka kijani, bovaria hubaki mweupe kama kapakwa unga wa sembe.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba ukungu huu unaweza kuishi ndani ya mmea wenyewe bila kuudhuru. Ukiipaka mbegu, mche unapoota ukungu unaingia mizizini na kwenye shina, yaani njia ileile ya funza. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walichapisha mwaka 2016 matokeo ya kupaka mbegu za maharage ukungu wa aina mbalimbali dhidi ya funza huyuhuyu, na aina kadhaa zilipunguza utagaji wa inzi na idadi ya funza waliofikia hatua ya gamba. Kuna jambo jingine linanifurahisha kila nikilikumbuka. Mwaka 2012 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba metarizamu akiua mdudu udongoni anaweza kupitisha naitrojeni ya mzoga ule hadi kwenye mmea anakoishi, na mmojawapo wa mimea waliyoijaribu ni maharage haya haya. Adui anageuzwa mbolea.

Jirani yangu, mzee ambaye kahawa yake imepigana na chulebuni na kutu ya majani tangu mimi sijazaliwa, aliposikia alicheka hadi akakaa chini. "Mwanangu, miaka yote tunanunua dawa ya kuua ukungu. Leo wewe unanunua ukungu kwa hela?" Nikamkumbusha nzige wekundu wa mwaka 2009 kule Iku-Katavi na mabonde ya Rukwa: walipuliziwa dawa iliyotengenezwa kwa ukungu wa ukoo wa metarizamu, wakazuiwa. Akasema nzige ni nzige, maharage ni maharage. Hapo sikuwa na la kumjibu, maana sikuwa nimejaribu.

Nilipojaribu nikaharibu. Mara ya kwanza nilinunua mbegu zilizokwisha kupakwa dawa, zile za rangi ya waridi, nikazipaka ukungu juu yake. Nilijiona mjanja, kinga mara mbili. Sikujiuliza ile rangi ya waridi inaashiria nini: kwenye mbegu zangu ilikuwa dawa ya kuua ukungu. Nilimnunua askari nikamfungia chumba chenye gesi. Funza wakala kama kawaida, nami nikatangaza kijiji kizima kwamba mambo ya ukungu ni porojo.

Mara ya pili nilitumia mbegu zangu safi, zisizo na dawa. Ila pakiti ya ukungu niliikuta duka moja la pembejeo imepangwa dirishani, jua la saa nane linaipiga, na tarehe ya mwisho imebaki wiki chache. Nikainunua, nikaifunga nyuma ya pikipiki, tukazunguka nayo sokoni mpaka jioni. Ukungu huu unapenda joto la wastani na hauvumilii jua, mionzi yake inaua vimbegu kwa muda mfupi tu. Sina shaka nilipaka vumbi.

Ndipo nikaelewa kwamba hiki kitu hakinunuliwi kama unavyonunua dawa. Kinunue kama unavyonunua vifaranga: unauliza kimetoka lini, kimehifadhiwa wapi, na unakiwahisha nyumbani. Siku hizi nanunua kwa mama mmoja mwenye duka lililo na friji, pakiti zinakaa katikati ya soda. Nasoma tarehe. Natazama namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka yetu ya viuatilifu. Halafu nasoma jina la ukungu wenyewe, kwa sababu hapa watu wengi wanauziwa trikoderma wakidhani wamepata dawa ya wadudu. Trikoderma naye ni unga wa kijani na naye hupakwa mbegu, lakini kazi anayosifika kwayo ni kupambana na ukungu wabaya wanaoozesha mizizi. Kama tatizo lako ni kuoza kwa mizizi, mchukue. Kama ni funza, tafuta pakiti iliyoandikwa metarizamu au bovaria, na isomeke kwamba inafaa kwa mbegu au udongo.

Kupaka kwenyewe si kazi kubwa. Nachambua mbegu kwanza, zilizobunguliwa na zilizopasuka zinaenda kando, kwa sababu hakuna ukungu utakaoifufua mbegu mbovu. Nachukua kikombe cha chai na nusu cha maji ya mvua, nakoroga vijiko viwili vya sukari ili unga ushike, na hayo yananitosha debe moja. Maji ya bomba yenye dawa nayaepuka. Natia unga wa ukungu kwa kipimo cha kibandiko, nakoroga, kisha namimina kidogo kidogo juu ya mbegu zilizoko kwenye beseni huku nikigeuza kwa mkono, mpaka kila punje iwe na ukijani kidogo. Usiziloweke. Wataalamu maabara huloweka, lakini wao wana mbegu chache na saa ukutani. Maharage ukiyasahau kwenye maji yanavimba, ganda linachanika, na ukiyagusa tu yanafunguka mapande mawili. Nilipoteza beseni zima hivyo nikiwa kwenye simu.

Jifunge kitambaa puani. Ukungu huu kwa kawaida haushambulii watu, lakini vumbi lolote la ukungu mapafuni ni kero, na mwenye pumu amwachie mwingine kazi hiyo. Mbegu ukishazipaka zianike juu ya gunia kivulini, si juani, mpaka ziache kunata, na uzipande siku hiyohiyo. Mimi napaka alasiri, napanda jioni, kwenye udongo uliokwisha kulowa, na nafukia papo hapo. Shimo lililoachwa wazi kumsubiri mfukiaji ni jua linaingia. Watoto wangu wanajua: anayedondosha mbegu na anayefukia hawaachani hatua tatu.

Dawa za kuua ukungu, kama za shaba na mankozebu, naziweka mbali na mbegu na mashimo. Bomba lililobeba dawa ya ukungu ya nyanya halikorogewi kitu hiki hata ukilisuuza. Samadi iliyoiva haina neno.

Msimu wa tatu wa kujaribu ukungu niliacha matuta mawili bila kupaka, makusudi, katikati ya shamba. Nakusihi ufanye hivyo na wewe, maana bila matuta ya kulinganisha utasifu au utalaani kwa kubahatisha. Wiki ya nne nikang'oa miche ishirini kila upande, nikakaa chini ya mwembe na wembe na vifuniko viwili vya soda. Kila gamba la funza nililokuta nililitia kwenye kifuniko cha upande wake. Cha matuta yasiyopakwa kilijaa mpaka sikuona bati la chini. Cha pili hawakukosekana, lakini niliwahesabu bila kuwasogeza kwa kidole. Nikavibeba vyote viwili kwa mzee.

Hakucheka. Alivaa miwani.

Sasa, usije ukapaka mbegu ukalala. Ukungu unapunguza, haumalizi, na msimu wa ukame unafanya vibaya kwa sababu hauishi vizuri bila unyevu. Bado nawahi kupanda, trekta lije lisije. Bado napandishia udongo kwenye mashina palizi ya kwanza, na hili watu wanalidharau: mche ulioliwa chini ukifunikwa udongo unaweza kutoa mizizi mipya juu ya jeraha, ukazaa. Miche iliyokufa naing'oa na kuitoa shambani, maana kila shina lililobaki ni nyumba ya inzi wa wiki ijayo. Na huu wote ni ulinzi wa shambani. Wanaobungua maharage ghalani ni wadudu wengine, na kwao sihangaiki na ukungu hata kidogo: nakausha vizuri, natia kwenye mfuko wa kinga njaa, nakaza kamba ya kila tabaka, hewa haipiti, wanakufa. Mbegu nazo nazihifadhi humohumo, ndiyo maana sinunui tena zilizopakwa rangi.

Bei? Pakiti si rahisi ukilinganisha na kijiko cha dawa ya kemikali. Kwa ekari yangu moja nanunua pakiti na dada wa shamba la chini, tunagawana, tunaimaliza siku moja. Kiporo cha unga uliokwisha kufunguliwa sikiamini hata kikilala kwenye friji.

Masika iliyopita, siku ya kupaka, mzee alikuja mwenyewe, amebeba debe begani na hataki kusaidiwa. Akalitua karibu na beseni langu. "Haya mwanangu, nipakie na mimi huo ukungu wako wa hela." Nikafunua. Mbegu nzuri, nzito, sawasawa kama zimechongwa, na zote za rangi ya waridi.

"Mzee," nikamwambia, "hizi haziwezekani."

Alinitazama kama nimemnyima maji. Ikabidi nianze kumweleza, na jua linazama.