Kilo tisa zilitoka, kumi na moja zimerudi

Ujumbe mwingi wa mwezi huu unazunguka jambo moja: nilipungua, nimerudi nilikokuwa. Nimechagua maswali saba, mengine nimeyafupisha.

Shikamoo. Niliacha kabisa wali, ugali na chapati, nikapungua kilo 9 kwa miezi mitatu. Mwaka umepita, zimerudi zote na mbili juu. Ni uvivu wangu au mwili wangu una kasoro? (Dada, Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Mtu aliyekaa Dodoma miezi mitatu bila ugali usimwite mvivu, mimi nisingeweza. Tatizo ni kwamba ulichagua mlo wa kupita, na ulipopita ukarudi kwenye ule wa zamani.

Kwanza, zile kilo 9 hazikuwa mafuta matupu. Ini na misuli huweka akiba ya sukari, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba inatumika na maji yake yanaishia chooni. Mizani inashuka, unafurahi. Siku unayorudia ugali, maji nayo yanarudi, na wala hujanenepa.

Pili, mwili ukipungua haraka hujihami kama vile njaa imeingia kijijini. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kevin Hall walitoa matokeo ya watu 14 waliowahi kushindana kwenye televisheni kupunguza uzito. Miaka 6 baada ya shindano, kwa wastani walikuwa wamerudisha kilo 41 kati ya 58 walizopoteza. Tena miili yao ilikuwa bado inatumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa uzito wao. Hao walikuwa na makocha na kamera. Wewe ulikuwa peke yako, na jirani anakaanga vitumbua.

Kwa hiyo rudi kwenye ugali, ukipata dona ni bora zaidi. Bonge lako lipunguze kwa theluthi, na pale palipobaki wazi kwenye sahani pajaze matembele au mlenda. Maharage au dagaa wasikosekane, maana ndio wanaokaa na mtu tumboni hadi jioni. Kabla hujaacha chakula chochote, jiulize kama mwakani kwenye harusi ya mdogo wako bado utakuwa umekiacha. Ukijua hutaweza, usikiache, kipunguze tu.

Napikia watu saba. Mume wangu anasema hataki chakula cha wagonjwa. Nipike sufuria mbili? (Mama, Morogoro)

Usithubutu. Sijamwona aliyeweza sufuria mbili zaidi ya mwezi, mkaa wenyewe unakushinda. Badilisha sufuria ileile, na uanzie kwenye mafuta, kwa sababu hakuna atakayegundua.

Kesho kabla ya kuunga maharage, mimina mafuta kama ulivyozoea, lakini uyamimine kwenye kikombe. Kisha yahamishie kwenye sufuria kwa kijiko cha chakula huku unahesabu. Mimi nilifanya hivyo jikoni kwangu nikiwa tayari ni afisa lishe, nafundisha watu. Nikahesabu vijiko tisa! Kijiko kimoja cha mafuta kina karibu kalori 120, yawe ya alizeti, ya mawese au ya nazi. Tulikuwa watu sita, kwa hiyo kila mmoja alikuwa anakula kalori 180 za mafuta tu, na tui la nazi halijaingia. Na kazi ya mafuta yale yote ilikuwa kukaanga kitunguu kimoja.

Vijiko vitatu vinatosha. Moto uwe mdogo, funika kitunguu kilainike kwa maji yake, kikianza kushika chini nyunyiza maji kidogo na ukoroge. Nyanya ziive hadi zipondeke, maana ladha ya mchuzi iko hapo. Usimimine tena moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Weka kijiko maalumu juu ya mfuniko ili mkono ukikikuta ukumbuke. Punguza polepole, kijiko kimoja kila wiki mbili. Mume wangu alikuja kuuliza mwezi wa tatu, na wala hakuuliza habari ya ladha. Alitaka kujua mbona dumu la lita 5 halijaisha.

Nazi usiifukuze. Tumia tui la pili lote, na la kwanza nusu yake. Chapati nazo ziache nyumbani, ila zihamie Jumapili.

Maji ya moto na ndimu asubuhi yanayeyusha kitambi?

Hapana. Ndimu ni ya samaki. Ila kama glasi hiyo imechukua nafasi ya chai yenye vijiko vinne vya sukari, endelea nayo. Zile chai za pakiti za "kusafisha tumbo" ziacheni: nyingi zinawaharisha tu, na kinachotoka ni maji.

Nijipime mara ngapi?

Mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi ukishatoka chooni na kabla ya chai. Chumvi ya jana peke yake inaweza kuisogeza mizani, kwa hiyo linganisha mwezi na mwezi. Kama huna mizani, azima futi ya fundi cherehani upime kiuno. Hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume.

Naendesha bodaboda Dar. Mchana nakula kwa mama ntilie, usiku chipsi mayai, sina jiko. Nifanyeje? (Kijana)

Mama ntilie hana kosa, ni namna unavyoagiza. Mwambie, "Mama, wali nusu, maharage na mchicha niongezee." Siku ya tatu atakuwa ameshakuzoea, hutahitaji kusema.

Mimi naitazama soda yako. Chupa ya nusu lita hubeba karibu gramu 50 za sukari, yaani zaidi ya vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 25 kwa siku, kwa hiyo chupa moja imekula ya siku mbili. Na juani najua hunywi moja. Anza na soda, chipsi nitakuachia mara mbili kwa wiki. Siku nyingine kuna ndizi za kuchoma, mishikaki na kachumbari, tena kwenye kona ileile.

Kila Ramadhani napungua, Idd ikipita narudi. Kwa nini? (Tanga)

Nimekaa Tanga, najua futari ya huko: mihogo ya nazi, tambi, sambusa, kaimati, zote kwa dakika ishirini. Fungua kwa tende na maji, nenda kaswali Magharibi, ndipo urudi mezani. Tumbo litakuwa limeshapata habari. Cha kukaanga kiwe kimoja kwa siku: leo sambusa, kesho kaimati. Baada ya Idd baki na utaratibu huo huo. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Nimepungua kilo 6 kwa mwaka kwa kubadili mlo. Nikienda nyumbani naulizwa naumwa nini, na mama analia. (Kaka, Mwanza)

Pole. Hili limewarudisha wengi kwenye unene kuliko chapati. Kwetu mtu akinenepa husemwa ametunzwa, na miaka ile ukimwi ukiwa hauna dawa tulizika wengi waliokonda kwanza. Mama anapokutazama anawaona hao.

Mpigie kabla ya safari umweleze, asikutane na mashavu yako mlangoni. Ukifika kaa naye jikoni, kula alichopika, mboga ongeza mara ya pili. Akikujazia tena wali, usimwambie habari za kalori. Mwambie, "Nimeshiba mama, nifungie nitakula njiani." Kama una majibu ya vipimo vya afya, mwonyeshe karatasi.

Wewe ulikusudia kupungua. Msomaji mwingine ambaye nguo zimeanza kumpwaya bila kubadili chochote, au anakohoa kwa zaidi ya wiki mbili, au anakojoa sana usiku na kiu haikatiki, asisubiri niandike tena. Aende hospitali wiki hii.