Mpe mzee kitu mkononi ndo umuulize: nilivyojifunza kumkumbuka baba yangu, injinia

Baba yangu alikuwa injinia wa ujenzi. Alistaafu na miaka 60 akakaa nyumbani mingine 18, na katika hiyo 18 nadhani nilimwambia mara tano au sita "baba hebu tusimulie maisha yako", na kila mara jibu lilikuwa lilelile, nilisoma, nikafanya kazi, nikawapata nyie, nikastaafu. Kwisha habari, anarudi kwenye redio yake. Mi nikawa nimejiwekea tu kwamba mzee sio mtu wa stori.

Kumbe swali ndo lilikuwa bovu.

Siku moja napanga droo yake nikakutana na ile rula ya zamani ya kupigia hesabu, yenye kipande cha katikati kinachoteleza na kikioo chenye mstari mwembamba kama unywele. Nikampelekea nikamuuliza baba, hii inafanyaje kazi? Akaifutia kwenye shati, akaisogezasogeza kuona kama bado inateleza, akasema nitajie namba mbili. Nikamtajia. Akateleza, akasoma, akanipa tarakimu zake alafu akaniuliza, haya, sasa hiyo ni 8.4, ni 84 au ni 840? Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba hiyo rula haikwambii nukta inakaa wapi, inakupa tarakimu kama tatu za mwanzo basi, ukubwa wa jibu lazima uwe nao kichwani mwako mwenyewe kabla hujaanza kuteleza. Kabla kalkuleta za mkononi hazijaenea, miaka ya 1970 hivi, mainjinia walihesabu kila kitu kwa hiyo, uzito, nondo, upana wa nguzo, na aliyekosea nukta alikosea mara kumi nzima.

Hapo ndo nikaelewa jambo lililonikera utoto wangu wote. Ukimpelekea hesabu za shule haangalii daftari, anakuuliza kwanza "unategemea jibu liwe kama ngapi?" Nilikuwa naona ananizungusha tu, kumbe ananipa kitu ambacho yeye asingeweza kufanya kazi bila kuwa nacho.

Tuliongea karibu saa nzima siku ile. Mtu ambaye "sio wa stori".

Kwa hiyo kama una mzazi bado yupo na unataka kumjua, ushauri wangu mkubwa ndo huo, usimuulize maisha, maisha ni makubwa mno mtu hajui aanzie wapi na aishie wapi. Mpe kitu alichokishika miaka mingi. Rula, mchoro, kofia ya saiti, picha ya kundi la wafanyakazi umuulize huyu wa pembeni ni nani. Mikono inakumbuka kabla ya mdomo, nimeliona hilo kwa macho yangu. Na usimkatishe kumuuliza ilikuwa mwaka gani, mwaka utautafuta baadae, we muache aende.

Swali la pili lililonisaidia, na hili nililipata kwa bahati tu, ni kumuuliza kazi gani ilimnyima usingizi. Usimuulize kazi gani anajivunia maana watu wa umri wake wengi wanaona aibu kujisifu, atakwambia zote zilikuwa kawaida. Nilivyouliza ya usingizi akakaa kimya muda, alafu akanieleza kuhusu nguzo.

Ni hivi. Saiti wakimwaga zege wanachukua kiasi kidogo wanakijaza kwenye viboksi vya chuma vya milimita 150 kila upande, vile vipande vinahifadhiwa kwenye maji, alafu vinapondwa kwa mashine, vingine siku ya 7 na vingine siku ya 28, kuona vinabeba nguvu kiasi gani. Vya siku ya 7 vilitoka dhaifu, akasema tusubiri. Vya siku ya 28 vikatoka dhaifu vilevile. Kontrakta akasema vipande ndo vilitengenezwa vibaya, nguzo yenyewe iko safi, na baba aliniambia kabisa hilo linawezekana, ndo maana hakubishana, aliagiza watoboe nguzo wakate sampuli humohumo ndani. Nazo zikafeli. Ilikuja kujulikana kuna mtu aliongeza maji kwenye mchanganyiko ili zege liteleze vizuri, na maji yakizidi nguvu inashuka, hakuna namna. Ikabidi ibomolewe. Nikamuuliza usingizi ulipotea kwa sababu ya hela? Akasema hapana, kuna watu wanne walifunga zile nondo kwa mikono yao jua kali siku nzima, na mimi ndo nilikuwa nakwenda kuwaambia wavunje.

Akaishia hapo. Nusu ya pili niliipata siku ya mazishi, nitaieleza.

Sasa kuhusu kurekodi, hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu bado inaniuma. Nilimrekodi kwa simu, nikafurahi, nikaziacha humohumo kwenye simu. Simu ikaharibika. Rekodi nyingi zikaenda nayo, zilizobaki ni dakika 11 tu ambazo nilikuwa nimemtumia dada yangu, ndo sauti yake yote tuliyonayo. Kwa hiyo fanya hivi, usiku uleule uliomrekodi hamishia kwenye kompyuta, weka nyingine kwenye flashi au diski ya nje, na nyingine iwe kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Tatu. Usiseme nitafanya wikendi. Zile sauti anazokutumia WhatsApp nazo usiziache ndani ya app, zihamishe. Simu iweke mezani karibu yake, zima feni, zima tivii, na mwanzoni kabisa taja kwa sauti yako tarehe na mnaongelea nini maana miaka kumi mbele jina la faili halitakwambia kitu. Na ukishaanza usikae unaikagua simu, ukiikagua na yeye anaanza kuongea kama yuko kwenye mahojiano.

Kuna neno la nyumbani kwetu lazima niliseme, "siku 28". Tukigombana, mtu akitaka kuacha kazi ghafla, akitaka kununua kitu kikubwa, baba anasema mpe siku 28. Na ukisema zege limekauka atakurekebisha palepale, zege halikauki mwanangu, zege linashika, linahitaji maji ili lishike, ndo maana tunalimwagilia, likikauka mapema linapasuka. Sikulichukulia kwa uzito mpaka alipofariki. Siku ya tatu tu baada ya mazishi ndugu mmoja kwa nia njema kabisa akasafisha chumba, maboksi mawili ya "makaratasi ya zamani" yakaenda kuchomwa. Humo ndo kulikuwa na madaftari yake ya saiti, ya mraba, yameandikwa kwa penseli kila siku ya kazi. Likapona moja kwa sababu lilikuwa chini ya godoro. Simlaumu, wote tulikuwa hatuna akili wiki ile. Lakini wewe unayesoma hii na umefiwa juzi, funga mlango wa hicho chumba. Asiguse mtu kitu siku 28, karatasi hata iwe chafu vipi.

Michoro yake ilikuwa imekunjwa kabatini, ile ya karatasi nyeupe yenye mistari ya bluu iliyopauka, ya enzi zinazochapwa kwa amonia, harufu yake baba alikuwa akiitaja sana. Kaka alitaka tuweke kwenye fremu sebuleni. Sio vizuri, mistari ile inafutika kwenye mwanga na karatasi inageuka njano, na pia usiichanganye na picha kwenye boksi moja maana inaweza kuzitia madoa. Tuliipiga picha vizuri, nakala ndo ikaenda ukutani, mchoro wenyewe umelala droo ya peke yake, gizani. Na picha zenu ziandikeni majina nyuma kwa penseli laini, taratibu, sio kwa kalamu ya wino.

Sasa mazishi. Wasifu niliandika mimi na niliandika kama barua ya kuomba kazi, alizaliwa, alisoma, alipandishwa cheo, alipandishwa tena, alistaafu. Kila neno la kweli na hakuna hata moja lililomleta baba pale. Alafu akasimama mzee mmoja fundi nondo, hatukuwa tunamjua, akasema mimi ni mmoja wa wale wanne wa nguzo. Akasema injinia hakumtuma mtu, alikuja mwenyewe asubuhi kabla hatujavaa buti, akatuambia kosa ni la maji, sio la mikono yenu, alafu akakaa pale juani mpaka kipande cha mwisho kikaanguka. Mama alishika mkono wangu. Miaka yote alikuwa hajui.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya kuandika wasifu, vyeo viweke mstari mmoja, viwili basi. Kabla hujaandika piga simu kwa watu wawili watatu waliofanya nae kazi chini yake, sio mabosi, chini yake, waulize walimuona akifanya nini siku mambo yalipoharibika. Ingenichukua jioni moja tu kufanya hivo na sikufanya.

Kwenye fremu ya mlango wa jikoni nyumbani kuna alama za penseli, urefu wetu sisi watoto tangu tukiwa wadogo, tarehe na namba kwa mwandiko wake wa kichoro uliosimama wima. 1,184. 1,260. 1,307. Hakuna kipimo kilichoandikwa mbele, kwake yeye kila kitu kilikuwa milimita. Juu kabisa kuna alama zake mwenyewe mbili, 1,752 ya alipokuwa na miaka 40, na 1,718 ya mwaka mmoja kabla hajaondoka, alijipima peke yake bila kumwambia mtu. Mama hataki mlango upakwe rangi na hatutaupaka. Mwezi uliopita nilimsimamisha mwanangu pale, nikaweka rula bapa kichwani, nikaandika 1,093. Akaniuliza mbona sijaandika sentimita. Nikavuta kiti nikakaa, nikaanza kumwambia.