Kubuni Samani na Kufundisha Chuoni: Ya Kujua Kabla Hujaingia

Kiti kikivunjika, fundi hukitengeneza na kazi ikaisha. Mkufunzi wa ubunifu wa samani bado ana deni: aeleze kwa nini kimevunjikia pale na si kwingine, na ni milimita ngapi zingekiokoa. Wengi wanaoanza hutumia miaka yao ya kwanza kunoa michoro, wakifika mbele ya darasa wanashindwa na swali dogo la "kwa nini?" Kwa hiyo ushauri ulioandikwa hapa unaegemea zaidi kwenye sababu za mambo. Michoro utaijua tu.

Anza na mbao yenyewe kabla ya programu yoyote ya kuchorea. Ubao hupokea na kutoa unyevu maisha yake yote. Hata vanishi haizuii, inachelewesha tu. Kwa urefu wake ubao haubadiliki kiasi cha kukusumbua, ila kwa upana hutanuka na kusinyaa, na ule uliopasuliwa sambamba na pete za ukuaji hutembea karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kiini cha gogo. Chukua uso wa meza wenye upana wa milimita 900. Aina nyingi za mbao, zikipasuliwa kwa namna ile ya kwanza, hubadilika kwa takriban robo ya asilimia ya upana kila unyevu unapobadilika kwa asilimia 1. Unyevu ukishuka kutoka asilimia 12 hadi 8, hesabu ni 900 × 0.0025 × 4, yaani milimita 9. Kama uso huo umegandishwa kwa gundi kwenye fremu yake, milimita 9 hizo zitatafuta pa kutokea: ama uso upasuke katikati, ama fremu iachie. Dawa ni skrubu. Ile ya katikati ipite kwenye shimo la kawaida, zile za pembeni zipite kwenye matundu marefu yaliyolazwa kufuata upana, ili uso uteleze.

Fanya hesabu hiyo ubaoni pamoja na wanafunzi, kisha waonyeshe meza iliyopasuka. Hawaisahau. Wafundishe pia kutumia kipima unyevu ipasavyo: ncha za ubao hukauka mapema kuliko katikati, kwa hiyo anayepima nchani hujidanganya. Pima mbali na ncha, na kabla ya kuamua, kata kipande upime upande wa ndani. Kwa samani za ndani ya nyumba, unyevu wa asilimia 8 hadi 12 ndio unaotafutwa mara nyingi.

Baada ya mbao, viungo. Kiti ndicho mtihani wenyewe, maana mtu akiegemea nyuma, nguvu yote hukusanyika pale ubao wa pembeni unapoingia mguu wa nyuma. Kanuni ya kuanzia kwa ulimi (ncha ya ubao iliyochongwa nyembamba iingie kwenye mguu) na tundu lake ni unene wa ulimi kuwa theluthi ya unene wa ubao wenye ulimi: ubao wa milimita 24, ulimi wa milimita 8. Mwanafunzi akiambiwa kiti chake ni dhaifu hukimbilia kunenepesha ulimi, na kwa kufanya hivyo anazidi kuudhoofisha mguu kwa kuupanulia tundu. Kinachosaidia zaidi ni kuongeza kimo cha ubao huo wa pembeni, tuseme kutoka milimita 50 hadi 65, kwa kuwa kinachopigana na mtikisiko ni umbali kati ya ukingo wa juu na wa chini wa ulimi. Ndiyo maana viti vingi vyembamba vya zamani vina fito nyingine karibu na sakafu. Si pambo.

Tundu lichimbwe milimita 2 zaidi ya urefu wa ulimi, gundi ipate pa kukaa. Bila nafasi hiyo gundi hubanwa na kusukuma mguu mpaka upasuke. Ulimi mzuri huingia kwa mkono na kumalizikia kwa kugongwa kidogo. Ukihitaji nyundo nzito, gundi yote inakwanguliwa njiani. Ukidondoka wenyewe ukigeuza kipande, umelegea, na gundi nyeupe ya mbao haijazi pengo. Hushika pale tu nyuso mbili zinapogusana.

Kosa jingine halionekani kwenye kompyuta: mguu uliopinda ukichongwa kutoka kwenye ubao ulionyooka. Pale pindo linapokolea, nyuzi hukatika zikawa fupi, na mguu huvunjika hapo hapo kama biskuti. Chagua ubao ambao nyuzi zake zinafuata pindo, au bandika matabaka membamba kwenye kalibu, au gawanya mguu katika vipande viwili vyenye kiungo.

Vipimo vya mwili usivisome tu. Kiti cha mezani huanzia kikalio cha kimo cha sentimita 43 hadi 45 na kina cha sentimita 40 hadi 43. Meza sentimita 72 hadi 75. Kati ya kikalio na uso wa meza zibaki sentimita 28 hadi 30. Lakini namba hizi ni mahali pa kuanzia tu. Kikalio kikizidi kina, mtu mfupi atakaa mbele bila kuegemea, au ukingo utambana nyuma ya magoti hadi miguu iingie ganzi. Kaare Klint, aliyeanzisha mafunzo ya samani katika chuo cha kifalme cha sanaa cha Denmark mwaka 1924, aliwafundisha wanafunzi wake kwa kuwapa samani za kale wazipime na kuzichora upya. Njia hiyo haijapitwa na wakati. Jipe zoezi la kiti kimoja kila wiki: pima kimo, kina, upana wa mbele na wa nyuma, mwinamo wa kikalio na wa egemeo, unene wa kila kipande, kisha chora kwa kipimo cha 1:5. Baada ya viti 20 mkono wako utajua kiti kilichokosewa kabla jicho halijasema.

Kutoka wazo hadi kitu, hatua zenyewe hazina siri. Chora kwa mkono. Tengeneza mfano mdogo wa 1:5 kwa kadibodi au mbao laini. Chora kwa ukubwa halisi kwenye karatasi au plaiwudi, kwa sababu pembe zinazoonekana sawa kwenye skrini mara nyingi hukosa pa kupitisha skrubu au kibanio. Kisha tengeneza kiti cha majaribio kwa mbao za bei ya chini, bila kuzipiga msasa, chenye egemeo linaloweza kusogezwa. Waite watu warefu na wafupi wakikalie kwa nusu saa. Dakika 2 hazitoshi. Karibu kila kiti ni kizuri kwa dakika 2. Hapo ndipo uingie kwenye sampuli kamili, ukiwa na orodha ya vipande inayotaja jina, idadi, urefu, upana, unene na mwelekeo wa nyuzi wa kila kipande.

Kwenye orodha hiyo watu hupotea mahali pawili. Kwanza, husahau kuongeza urefu wa ulimi, wakakata vipande vifupi kwa sentimita 5 hadi 6. Pili, husahau upana wa njia ya msumeno, takriban milimita 3 kila mkato. Bamba la plaiwudi la milimita 2440 haliwezi kutoa vipande vinne vya milimita 610. Hesabu karatasini inakubali, msumeno unakataa.

Ukipanga bei au muda wa kazi yako, andika saa za kila hatua kwa kazi tatu za mwanzo. Utagundua kwamba msasa na rangi vinakula muda kuliko ulivyodhani, hasa ukiruka daraja. Kutoka msasa wa 80 nenda 120, kisha 180, kisha 220; ukiruka kutoka 80 hadi 220, mikwaruzo ya mwanzo hubaki na hujitokeza wazi mara tu vanishi inapogusa. Fikiria pia usafirishaji tangu siku ya kwanza. Kiti namba 14 cha kampuni ya samani ya Thonet, cha mwaka 1859, kina vipande 6 vya mbao iliyopindwa, skrubu 10 na nati 2, na viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Umaarufu wake ulitokana na hilo kama ulivyotokana na umbo lake.

Sasa upande wa chuo. Vyuo vingi huangalia shahada, lakini karakana huangalia mikono, na jopo la usaili huwa na watu wa pande zote mbili. Peleka kazi 8 hadi 12, si 40. Kwa kila moja weka tatizo lilivyokuwa, mchoro wa ukubwa halisi, picha ya kiungo kabla hakijaunganishwa, na sampuli moja iliyoshindwa pamoja na sababu yake. Hiyo ya mwisho wengi huificha, wakati ndiyo inayoonyesha kwamba unaweza kufundisha. Ukiombwa somo la mfano la dakika 20, chagua jambo dogo kama kunoa patasi au kusoma nyuzi kabla ya kupiga randa. "Historia ya kiti" haiingii kwenye dakika 20.

Ukishaajiriwa, adui wako wa kwanza ni foleni ya mashine. Piga hesabu hii kabla ya kupanga muhula: wanafunzi 16, kila mmoja anahitaji dakika 20 kwenye mashine ya kuchimba matundu. Hizo ni dakika 320, zaidi ya saa 5, na kipindi cha karakana ni saa 3. Mkufunzi mgeni hulijua hilo wiki ya saba, wanafunzi 9 wakiwa wamesimama wakitazama simu. Ligawe darasa makundi mawili yaliyo kwenye hatua tofauti, wengine wachimbe kwa patasi, au tengeneza jigi inayoshika mguu mahali pamoja bila kupima upya. Jigi nzuri hushusha dakika 20 hadi chini ya 10. Kwa mradi wa wiki 12, mbao ziwe zimekatwa wiki ya tano na kuunganisha kuanze wiki ya nane. Gundi inataka usiku mzima kabla ya kusukumwasukumwa, na vanishi inataka siku kadhaa kwa matabaka. Mradi wa kwanza uwe stuli. Kiti chenye egemeo kina pembe nyingi mno kwa anayeanza.

Usalama hausemwi mara moja ukaisha. Glavu hazivaliwi kwenye mashine inayozunguka, kwa kuwa kitambaa kikinaswa huvuta mkono wote. Kwenye msumeno wa meza, lile bamba la chuma nyuma ya diski lisiondolewe: mbao hujifunga baada ya kukatwa, hubana meno ya nyuma, na ubao hurushwa kwa anayeusukuma. Asimame kando ya njia ya ubao, asisimame nyuma yake kamwe. Vipande vya chini ya sentimita 30 visipitishwe kwenye randa ya mashine. Piga randa ubao mrefu kwanza, kisha ukate. Vumbi la mbao limo kwenye orodha ya IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo kinyonya vumbi na barakoa ni vifaa vya kazi kama msumeno. Na matambara yenye mafuta ya kitani hupata joto yenyewe yakirundikwa na yanaweza kushika moto usiku, karakana ikiwa imefungwa. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yazamishe kwenye maji ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko.

Kukosoa kazi ya mwanafunzi kuna mtego wake. Ukishika penseli na kurekebisha mchoro wake, baada ya miaka miwili darasa zima linabuni samani zako. Uliza: mzigo unapita wapi, kipande hiki kikiondolewa kitapungua nini, utakibana vipi gundi ikiwa mbichi? Swali la mwisho huua nusu ya mawazo yasiyotengenezeka, na huyaua bila kumvunja mtu moyo. Alama za mchakato, yaani majaribio na daftari la vipimo, zisipungue theluthi ya jumla, la sivyo mwenye bahati ya mbao nzuri atamshinda mwenye akili.

Kazi yako mwenyewe isife. Panga samani moja mpya kila mwaka, ianze likizo na ipigwe picha kabla muhula haujaanza, kwa kuwa ukishaanza hutaigusa. Kabla ya kusaini mkataba wa ajira, soma kifungu cha umiliki wa ubunifu: baadhi ya vyuo hudai haki juu ya chochote kilichotengenezwa kwa mashine zao au saa zao. Omba iandikwe ni kipi chako. Ukimpa mtengenezaji ubunifu kwa mrabaha, asilimia hukokotolewa mara nyingi kwenye bei ya kiwandani wala si ya dukani, na huwa ndogo, mara nyingi kati ya 3 na 5. Usiache mshahara kwa matumaini hayo. Wazo la mwanafunzi ni lake hata kama wewe ndiye uliyemwonyesha pa kukata. Ukilitaka, jina lake litangulie kwenye mchoro na makubaliano yaandikwe kabla sampuli haijatoka karakana.

Tenga pia rafu moja kwa vilivyovunjika. Kila kipande kifungwe kikaratasi chenye aina ya mbao, unyevu wake siku ya kuunganisha, gundi iliyotumika na mahali kilipoachia. Siku ya kwanza ya muhula kabidhi wanafunzi vipande vitano bila vikaratasi, waseme wenyewe kila kimoja kilikufa na nini.