Ubao wa siku bila ajali

SWALI: Mimi ni afisa mazingira katika kiwanda cha ngozi. Tunayo sera ya uendelevu, na langoni pana ubao unaohesabu siku tulizomaliza bila ajali. Masika haya bwawa la majitaka lilibakiza shubiri moja kufurika. Nilipotaka kuliandika jambo hilo katika daftari la zamu, msimamizi aliniambia nisiharibu ubao. Je, sera yetu ina maana yoyote? (Jina limehifadhiwa.)

JIBU: Ndugu msomaji, sera hiyo ina maana pale tu taarifa mbaya inapoweza kumfikia mwenye mamlaka ya kusimamisha mitambo, na kwa maelezo yako, hapo kwenu inakwamia kwa msimamizi wa zamu. Huo ndio utamaduni wenu wa vihatarishi, yaani mazoea yenu ya kushughulikia hatari, hata kama haukuandikwa popote.

Kampuni ya mafuta ya BP ya Uingereza ilichukua nembo mpya ya kijani na manjano mwaka 2000, ikijinadi kuwa inatazama mbali kuliko petroli. Tarehe 23 Machi 2005 kiwanda chake cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, kililipuka na kuua watu 15. Jopo la James Baker, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, lilieleza Januari 2007 kwamba kampuni ilichukulia kupungua kwa majeraha ya wafanyakazi kuwa ushahidi wa usalama wa mitambo. Mfanyakazi kuteleza sakafuni na mnara wa mafuta kujaa kupita kiasi, kama ilivyokuwa Texas City, ni mambo mawili.

Tarehe 20 Aprili 2010 wakubwa wa BP walikuwa kwenye Deepwater Horizon, mtambo uliokuwa ukiichimbia kampuni hiyo kisima cha mafuta baharini, Ghuba ya Mexico, ambao ulikuwa umetimiza miaka 7 bila ajali ya kumpotezea mtu siku ya kazi. Jioni hiyohiyo, katika jaribio la kuona kama kisima kimezibwa sawasawa, presha katika bomba la kuchorongea ilisoma ratili 1,400 kwa inchi ya mraba, ilhali ilitakiwa iwe sifuri. Yakapatikana maelezo ya kuifanya ionekane ya kawaida, na kazi ikaendelea. Usiku mtambo ulilipuka, wakafa watu 11, na kisima kikamwaga mafuta kwa siku 87.

Liandike tukio la bwawa, pamoja na tarehe na kina cha maji, ulipeleke kwa uongozi. Uliza pia kama bonasi ya msimamizi inategemea ule ubao; ikiwa ndivyo, usimlaumu sana, kwani anafanya anacholipwa kukifanya. Kabla ya vuli, omba alama ichorwe ukingoni mwa bwawa, na atajwe mtu atakayesimamisha uzalishaji maji yakiifikia, hata saa nane za usiku, bila kumpigia simu meneja kwanza.